Nyonga Iliyosuguliwa kwa Waya wa Sufuria

Wakili wangu alifungua mfuko, akachungulia ndani, akanitazama, kisha akachungulia tena.

"Mama, hiki kitu kimefanywa nini?"

"Kimeoshwa."

"Na nani?"

Nikamwelekezea kidole mama mkwe, aliyekaa kando yangu na mkoba wake magotini, katulia kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Kilikuwa na weusi wa ajabu, mwanangu," akamwambia wakili. "Nikaona aibu kukileta kwa wasomi kichafu vile. Nimekisugua kwa waya wa sufuria mpaka nikajiona uso."

Kitu chenyewe kilikuwa nyonga yangu. Si ile niliyozaliwa nayo, bali ya chuma, niliyowekewa baada ya kuanguka kwenye ngazi za hoteli ambako nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Daktari aliniambia itanizika. Haikufika mbali. Ilianza kulia kama bawaba kavu, paja likavimba, na vipimo vikaonyesha damu yangu ina vumbi la chuma. Daktari mwingine akaitoa na kuniwekea mpya, na kwa kuwa nilimwomba mapema, akanipa ile mbovu niondoke nayo. Kazi nilikuwa nimeshaipoteza. Hakuna hoteli inayomvumilia msimamizi anayechechemea. Nilitaka kampuni iliyotengeneza kile chuma inilipe fidia, nifungue sehemu yangu mwenyewe ya kufulia nguo. Basi. Sikuwa na mpango wa kumlilia mtu.

Wakili alishusha pumzi. "Weusi ule ulikuwa ushahidi kwamba vyuma vilikuwa vinasagana. Na huu mtaro uliochimbika hapa kwenye chuma, sasa watasema umetoka jikoni kwenu."

Mama mkwe akanyamaza. Tangu niolewe sijawahi kumwona akinyamaza kwa kulazimishwa na mtu. Alinyamaza njia nzima, na tulipofika nyumbani akakataa kula. Mume wangu akambembeleza weee, wapi.

"Mama," nikamwambia, "nyonga ni yangu, kesi ni yangu, na chakula nimepika mimi. Njoo ule."

Akaja akala, na kuongeza akaongeza.

Siku ya usuluhishi tulikaa kwenye meza ndefu. Upande wa pili alikuwepo wakili wa kampuni, miwani juu ya paji la uso, na mtaalamu wao wa vyuma aliyekuja na picha ya nyonga yangu, kubwa kama mlango wa kabati. Mtaro ulionekana wazi, umezunguka kichwa cha chuma kama alama ya pete iliyobana.

"Mtaro huu umesababishwa na usuguaji wa nyumbani," mtaalamu akasema. "Bibi mwenyewe amekiri kwenye maelezo yake."

Mama mkwe akajikunja kwenye kiti. Damu ikanichemka. Wakili wangu akanigusa goti nitulie, lakini mkono wangu ulikuwa juu tayari.

"Mheshimiwa msuluhishi, nina swali kwa huyu ndugu."

"Uliza, mama."

"Hii nyonga ilitakiwa ikae ndani yangu miaka mingapi?"

"Kama ishirini hivi," mtaalamu akajibu.

"Ikinibeba?"

"Ndiyo."

"Mimi hivi nilivyo?"

Akanipima kwa macho, kisha adabu ikamrudia. "Hata mtu mkubwa zaidi, mama."

"Sasa bibi mmoja, mikono inatetemeka, asubuhi moja tu, kwa waya wa sufuria, ndiye kachimba mtaro huo?"

Mtaalamu akaigeukia picha yake.

"Sufuria zangu anazisugua kila siku. Hakuna hata moja iliyochimbika hivyo. Kwa hiyo, ama mtaro ulikuwepo kabla, ama mnawawekea watu chuma laini kuliko sufuria. Chagueni mnalotaka, sina haraka."

Msuluhishi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. "Mtaalamu, unachagua lipi?"

Wakili wa kampuni aliteremsha miwani, akaomba wapumzike kidogo. Walipotoka, mama mkwe akaninong'oneza kwa hasira, "Mikono yangu haitetemeki."

"Najua, Mama. Nisamehe."

Waliporudi hawakuugusa tena mtaro. Walizungumzia fidia, na wakili wangu akawabana kwa vipimo vya damu na maelezo ya daktari wa pili mpaka wakakubali. Nikaongeza sharti moja: waliowekewa nyonga za aina ile waitwe wote wapimwe bure. Hapo walivutana kuliko kwenye fidia, lakini mwishowe wakasaini. Waliandika kwamba hawakiri kosa lolote. Wakili akaniuliza kama hilo linanikera. Nikamwambia waandike hata shairi, mradi watu wapimwe.

Mume wangu alikuwa anazungukazunguka nje, shati limemlowa jasho.

"Imekuwaje, mama watoto?"

"Tafuta chumba chenye maji ya uhakika," nikamwambia, "na mlango mpana. Mashine za kufulia hazipiti dirishani."