Vipande Juu ya Bati

Siku mama alipoanguka jikoni, sufuria ilikuwa bado inachemka na koleo liko mkononi mwake. Kwa koleo hilo alikuwa akizishika dungusi, mimea minene ya miba tuliyoila, juu ya moto mpaka miba iungue, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Koleo.

Tabibu alisema presha ndiyo iliyomuua. Nilipomuuliza kama mmea unaweza kufanya hivyo, akaniuliza, "Mmea gani?" Nikamwambia ni dungusi, ila si zile za uani kwetu.

Dungusi za uani zilikuwa zimeisha kwa ukame. Siku ile mama alileta nyingine kutoka nyuma ya machimbo ya kokoto, na za huko hatukuwahi kula. Utaratibu wake tuliujua sote. Anakata, anatazama. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, anatupa na kunawa, wala hagusi macho. Usipotoka, anachemsha, anagusisha mdomoni, anasubiri. Kisha anaonja kidogo na kulala. Akiamka mzima, ndipo tunakula.

"Mama Koleo, lini na sisi tutaonja kwanza?" fundi baiskeli, jirani yetu, alizoea kumtania.

"Wewe? Ukifa nani atanizibia pancha?"

Baada ya maziko nilimkuta baba ameketi mbele ya sufuria ile, vipande bado vimo. Vipande vingine, vibichi, vilikuwa kwenye ungo.

"Baba, alionja au hakuonja?"

"Nilikuwa nje, mwanangu."

Nikachukua kipande kibichi, nikakikata. Kisu kilitoka kikavu. Lakini kwa ukame ule hata miti tuliyoijua kwa utomvu wake ilikuwa haitoi kitu.

"Mbuzi wangu wanakula hizo za machimboni kila siku," fundi akasema, amesimama mlangoni.

"Mbuzi ana tumbo la mbuzi," baba akamjibu. Maneno hayo yalikuwa ya mama.

"Basi tuvitupe," nikasema.

"Mama yako hakuwahi kukosea hata mara moja. Ukivitupa, utakuwa umesema nini juu yake?" baba akauliza.

"Basi tule?"

Chumbani mtoto wa dada yangu alikuwa analia njaa. Baba akachota kwa kijiko, akakiinua. Mkono ukabaki hewani. Akakirudisha sufuriani.

"Siwezi," akasema. "Na huyo mtoto siwezi kumpa."

Vya sufuriani vilichacha, nikavifukia. Vile vibichi baba alivichukua na ungo wake, akavianika juu ya bati la paa la jiko.

Fundi hutuletea uji mwepesi, nao hautoshi. Watu bado wanakuja na ndoo zao kama walivyomjia mama, wananiuliza kama walichokata kinalika. Nawaambia sijui. Kila jioni baba huviteremsha vile vipande na kuviingiza ndani, na asubuhi huvianika tena. Hatuvili, wala hatuvitupi.