Visahani vya Darini

Hosteli mpya ya wasichana ilikuwa na vyumba ishirini na vinne, na kila chumba kilikuwa na kengele moja ya moshi darini. Wafadhili walizileta ndani ya makatoni, nami nikazifunga mwenyewe kwa wiki mbili, ngazi begani, bisibisi mdomoni. Zilikuwa za plastiki, za duara, ukubwa wa kisahani cha chai, kwa hiyo mafundi wa chuo waliziita visahani. Nami nikazoea.

Ilikuwa Agosti 1996. Wasichana arobaini na wanane walikuwa wanasubiri kuhamia Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Jumatano kabla yake angekuja mgeni rasmi kukata utepe.

Wiki hiyo ya utepe, Jumatatu asubuhi, nilipita kufanya ukaguzi. Dodoma mwezi wa nane upepo haulali, na vumbi lake huingia hata kwenye droo iliyofungwa. Kisahani kisipopigwa brashi laini kila baada ya wiki kadhaa, vumbi hukifanya kilie bila moshi, na kikilia ovyo mara tatu watu hukinyofoa betri. Kwa hiyo nilikuwa na brashi, na betri chache za mraba mfukoni. Nilifungua mlango wa chumba cha kwanza nikatazama juu. Dari ilikuwa nyeupe pee. Kisahani nacho kilikuwa cheupe pee.

Nilipanda ngazi. Rola ya rangi ilikuwa imepita juu ya kisahani mara mbili, labda tatu. Vile vijitundu vya ubavuni, ambamo moshi huingia, vilikuwa vimeziba. Nilijaribu kukwangua kwa ukucha, kisha kwa bisibisi. Rangi ilikuwa imetiririka hadi ndani na kukauka, na plastiki ikakatika mkononi mwangu. Nilipita vyumba vyote ishirini na vinne. Vyote vilikuwa hivyo.

Fundi rangi alikuwa Yotham, mtu wa Mvumi, umri wa baba yangu, mwenye mkono mzuri kuliko wote waliowahi kushika rola pale chuoni. Nilimkuta akiosha vifaa vyake bombani. Nilimwamkia, nikamuuliza. Alinieleza bila wasiwasi kwamba mkubwa wetu wa kazi, mzee Octavian, alipita Jumapili, akasema vile visahani vina umanjano, vinaonekana kama meno ya mvuta sigara, dari yote iwe kitu kimoja.

"Kuna ubaya, mwanangu?" aliuliza. "Nilipaka kwa uangalifu. Hakuna hata tone sakafuni."

Nilimwonyesha kile kipande kilichokatika. Ubavuni kulikuwa na maandishi madogo ya kuinuka, kwa Kiingereza, yakikataza kupaka rangi. Yotham aliyapitisha kidole. Kiswahili anasoma vizuri, magazeti humaliza hadi matangazo ya vifo. Kiingereza hakusomeshwa.

Mimi nilikuwa nimekitafsiri kijitabu chote kilichokuja na visahani. Kurasa sita, kwa Kiswahili kinachosomeka, si kile cha kupima neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilikaa siku nzima nikitafuta jina la ile nafasi ya ndani ambamo moshi hunaswa, mwisho nikaiita kijumba cha moshi, na ukisoma unaelewa. Nilitaka ukurasa ubandikwe nyuma ya kila mlango: bonyeza kitufe kila mwezi, badilisha betri kila mwaka, kikilia kama kifaranga betri inakufa, kisipakwe rangi. Mzee Octavian alisema tangazo la wafadhili lenye fremu linatosha, hapa ni chuo, wanaolala humo wanajua Kiingereza. Hakuna aliyemfikiria mtu mwenye rola.

Octavian alikuwa meneja wa majengo, mtu wa Bukoba, nadhifu, mwenye leso iliyopigwa pasi. Sina sababu ya kumchukia. Alinichukua nikiwa na stashahada yangu mpya, wakati ambapo serikalini orodha za kupunguza watu zilibandikwa ukutani na wanaume wazima walizisoma huku wameshikana mikono. Nilikuwa bado kwenye majaribio, imebaki miezi miwili nithibitishwe.

Nilimweleza. Nilimwambia kuna katoni mbili za akiba stoo, visahani ishirini na vinne kamili, anipe saini yake nitavibadilisha kwa siku mbili. Alisema katoni zile zina hesabu za wafadhili, kuzifungua kabla hata jengo halijafunguliwa ni kutangaza uzembe. Akachukua ufito wa pazia, akaingia chumba kilichokuwa karibu, akabonyeza kitufe. Kisahani kikalia kwa nguvu.

"Si kinalia?" alisema.

"Ukikibonyeza kinalia, mzee. Kitufe kinapima betri na sauti. Moshi hauna kidole."

Alisema, kwa upole, kwamba anajua nina msiba wangu na hataki niulete kazini.

Mdogo wangu Devota alikufa bwenini mwaka 1994, kwenye shule nisiyoitaja. Mshumaa, godoro, mlango uliofungwa kwa nje. Hakuungua. Nilipopelekwa kumtambua nilimtambua mara moja, alikuwa na uso wa mtu aliyelala mchana. Tangu siku ile sijalia. Watu husema nimejaliwa utulivu. Octavian alipotaja msiba nilitafuta hasira ndani yangu kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, nikakosa. Nikasema ndiyo mzee, nikarudisha ngazi stoo.

Jumanne nilikwenda kwa Bi Mwanasha, matroni, mama wa Kondoa ambaye chumba chake kilikuwa ndani ya hosteli hiyohiyo, na kisahani chake nacho kilikuwa kimepakwa. Nilimwomba chetezo chake cha ubani. Aliniuliza kama nimeanza kutoa majini. Tuliweka chetezo juu ya stuli, chini kabisa ya kisahani, na moshi ukapanda mpaka tukaanza kufuta macho. Kisahani kimya. Nilibonyeza kitufe, kikalia.

Bi Mwanasha alifungua dirisha. Alisema umebaki mwaka mmoja astaafu, na kwamba yeye hakuona kitu, alikuwa anafukiza chumba chake.

Jumatano maturubai yalifungwa, ngoma zikapigwa, watu wakala vumbi wakisubiri. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka wizarani, mcheshi, aliyetembea haraka kwa sababu alikuwa na safari. Baada ya utepe aliingia chumba kimojawapo na kundi zima nyuma yake. Octavian alinyoosha ufito wake, akabonyeza. Kisahani kikalia, watu wakapiga makofi. Mama yule akasema kwake angehitaji kimoja cha kumwamsha mumewe, watu wakacheka. Kisha akauliza nani amefunga. Octavian akanionyesha kwa furaha ya kweli, akasema ni binti yetu.

"Hebu binti, tueleze kinavyofanya kazi."

Nilikuwa na kopo la maziwa ndani ya mkoba, na vipande vya gunia vilivyolowa kidogo. Sitasema vilikuwamo kwa bahati. Niliviwasha, nikapanda kitandani na viatu, nikashika kopo chini ya kisahani. Nilihesabu kwa sauti hadi sitini. Moshi ulijaa hadi watu wa nyuma wakaanza kutoka. Kilichosikika ni kikohozi tu.

"Kimepakwa rangi, mheshimiwa," nilisema. "Vyote vimepakwa. Vinasikia kidole, havisikii moshi."

Mgeni alifuta macho, akamwambia Octavian anataka taarifa kwa maandishi kabla wasichana hawajahamia. Kisha akaenda kwenye chakula. Nilishuka kitandani nikapangusa shuka. Nilitegemea kusikia moyo ukinienda mbio, lakini nilisikia njaa tu.

Siku iliyofuata Yotham alisimamishwa kibarua kwa sababu ya ile rangi. Jioni alikuja nyumbani kwangu Chang'ombe, amevaa koti lake la kanisani. Nilimpa kigoda na maji. Alizungumza kwanza habari za mtama na za mkewe, kisha akafika kwenye jambo lake. Octavian alikuwa ameshamwandikia mgeni, imebaki barua yangu tu ya kuambatanishwa. Niandike kwamba kisahani kile kimoja nilikiharibu mwenyewe wakati wa kufunga, vingine ni vizima, na kwamba naomba radhi kwa fedheha. Nikiandika, mimi nitathibitishwa na Yotham atarudishwa.

"Mistari mitatu tu, fundi," alisema. "Wewe maneno hayakusumbui."

Nilimuuliza wasichana watalala chini ya nini.

"Watalala kama sisi tulivyolala. Kwetu moshi ulikuwa ndani ya nyumba kila siku, tumekua." Kisha akatazama mikono yake. "Nina watoto watano, Anjelina. Uliponionyesha yale maandishi nilikwambia ukweli wote. Ungeniambia utapanda juu ya kitanda mbele ya mgeni, ningejua la kufanya. Ningemwendea mzee mwenyewe. Hukuniambia."

Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwa sababu sikumfikiria. Nilimsindikiza hadi barabarani bila kumpa jibu, na usiku nililala vizuri, jambo ambalo sijui nilielezeje.

Ijumaa saa nne tuliitwa ofisini, mimi, Yotham na Bi Mwanasha. Kwenye meza ya Octavian kulikuwa na barua iliyokwisha kupigwa chapa, yenye jina langu chini na nafasi ya saini. Niliisoma. Ilikuwa na makosa mawili ya upatanisho wa kisarufi, nikasahihisha kwa kalamu kwa mazoea tu. Octavian alidhani ndiyo nimekubali, akanionyesha kwa kidole nafasi ya saini.

Nilimwambia barua hii ikienda, katoni hazitafunguliwa, na Jumatatu watu arobaini na wanane watalala chini ya vitu vilivyokufa. Alisema hilo litashughulikiwa baadaye, mwaka mpya wa fedha, kimyakimya, ananiahidi. Nilimwomba anipe ahadi hiyo kwa maandishi. Alinisogezea tu ile barua karibu zaidi. Nilimgeukia Bi Mwanasha, nikamuuliza Jumanne tuliona nini.

Aliyatazama mapaja yake. "Nilikuwa nafukiza," alisema.

Octavian alifungua leso yake, akaikunja tena. Alisema hataki hata barua, ananisamehe barua. Niseme tu neno lenyewe mbele ya hawa wawili, yeye ataandika kwamba nimeomba radhi, na Yotham arudi kazini leo hii.

Yotham alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Basi usimwombe yeye," alisema polepole. "Niombe mimi. Mimi umenikosea, unajua umenikosea."

Kalamu ya Octavian ilikuwa tayari juu ya karatasi, inasubiri neno hilo, lolote, kwa yeyote.

"Nimekukosea, baba," nilisema. "Najua. Lakini radhi siombi. Kwake siombi, na kwako siombi."

Yotham alivaa kofia yake. Octavian akauliza kama ndilo jibu langu la mwisho, kwa sababu saa sita barua ya kuniachisha kazi itapigwa chapa.

"Siombi radhi," nilisema.