Jina Lililofutwa Kwenye Programu ya Dawa

Fomu ilikuwa mbele ya Risper, kalamu juu yake, na Barnabas wa kampuni alikuwa akitabasamu tangu asubuhi bila kupumzika.

"Mwandishi pekee wa programu," Madam Damaris, mwenyekiti wa kamati ya afya ya kaunti hapo Homa Bay, alisoma. "Ni wewe tu, nyathina, mwanangu?"

Programu hiyo Risper aliianza kwa ajili ya zahanati za kisiwa cha Mfangano: muuguzi anaandika jina la dawa, naye anaonyeshwa zahanati ya karibu iliyo nayo. Aliitoa kwa leseni huru. Yeyote angeweza kuitumia na kuirekebisha, mradi akiigawa asiwafungie wenzake. Sasa kampuni ilitaka iwe yake, na Risper awe mkuu wa ufundi, cheo alichokiota tangu chuoni. Sera ya kaunti haikuwa na mafumbo: programu ikiwa ya mtu mmoja, mwenyewe anaweza kubadilisha leseni, ikiwa ya wengi, wote watie sahihi. Na ikifungwa, zahanati za Migori, ambazo hazikuwa kwenye mkataba wa kampuni na kaunti, zingekatiwa huduma.

Sehemu ya Migori hakuiandika yeye. Iliandikwa na Machuki, mwalimu wa Kehancha, huko huko Migori.

Miaka miwili nyuma walikutana Rongo, katikati ya njia, kama kawaida yao. Mbele ya wanafunzi aliokuja nao, Machuki aliicheka kazi ya Risper, akasema imeandikwa na mtu anayekimbizwa na nyuki. Utani tu! Lakini Risper ana hasira za karibu, na kiburi kinazisukuma. Alirudi nyumbani, akafungua orodha ya waandishi, akafuta jina la Machuki, akalala usingizi mnono. Kazi ya Machuki aliiacha, maana ilikuwa nzuri kuliko ya kwake.

"Tia sahihi tu," Barnabas alisema. "Tumecheki orodha, madam. Iko na jina moja. Hakuna story."

Risper akashika kalamu. Angenyamaza, nani angejua? Cheo kilikuwa pale, umbali wa sahihi moja. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akaiweka kalamu chini.

"Si mimi pekee. Kuna mtu nilimfuta."

Tabasamu la Barnabas likatoweka. Madam Damaris akasema, "Mpigie. Weka sauti tusikie wote."

Simu ililia mara nne.

"Machuki, ni Risper. Niko mbele ya kamati. Kampuni inataka kufunga programu. Na mimi... nilitoa jina lako kwenye orodha."

"Najua," Machuki alijibu. "Niliona wiki hiyo hiyo."

Barnabas akadakia, "Sasa mbona hukulalamika, mwalimu? Si hiyo ni kukubali?"

"Kukubali nini? Ningeleta kesi, mngezima hiyo kitu mpaka iishe. Mtoto akiumwa na nyoka huku kwetu, sister wa zahanati atatafuta dawa wapi? Ifungwe? Hapana. Sikubali."

Risper alilia waziwazi, mbele ya watu wazima, wala hakujali. Madam Damaris akaivuta fomu ya kampuni, akaichana, kisha akamsukumia Risper karatasi tupu ya orodha mpya ya waandishi.

"Mwalimu," alisema kwenye simu, "taja majina yako yote polepole. Huyu hapa anaandika."