Mluzi wa Mtoto wa Pengo

"Yuko hai, dada! Huo mluzi wake!" Mpiga picha alivua spika za masikioni akamvisha dada yake, mtaalamu wa sauti.

Mluzi ulikuwa uleule: unapanda, unakatika, unapanda tena. Kila pomboo ana wake, na huu ulikuwa wa mtoto wa Pengo, jike mwenye pezi lililomeguka. Tangu jana Pengo alikuwa akizunguka bandarini peke yake, bila mtoto wake, kwenye maji ya matope. Mkandarasi alikubali kuahirisha kupigilia nguzo za gati jipya kwa sharti moja: athibitishiwe kwamba mtoto yu hai humo ndani. Vishindo vya nyundo vingemuua.

Mtaalamu hakushangilia. Pomboo hafungui mdomo anapopiga mluzi, na majini sauti hukimbia mno. Sikio la mtu haliwezi kujua imetoka wapi. Ndiyo maana walizamisha fremu yenye kamera na maikrofoni nne. Kompyuta hupima maikrofoni ipi imetangulia kusikia, kisha huweka nukta nyekundu kwenye picha, pale sauti ilipotokea.

Nukta ilitua kwenye kichwa cha Pengo.

Mtaalamu akaurudia mluzi. Palepale.

"Mama huiga mluzi wa mtoto aliyempoteza," alisema. "Ndivyo anavyomwita."

"Kuna mmoja uliolia Pengo akiwa nje ya picha. Tafuta huo, dada, tafadhali!"

Aliutafuta. Nukta iliangukia ukingoni, kizani. Akaongeza mwanga wa picha, akiomba asimwone Pengo. Pezi lililomeguka likajitokeza.

Mkandarasi aliingia na kofia mkononi. "Nasikia mmempata. Niwaambie vijana wangu wakalale?"

"Waambie!" mpiga picha alidakia.

"Nyamaza wewe." Dada alikuwa anatamani kunyamaza yeye. "Mluzi ni wa mtoto, anayeupiga ni mama. Wa mtoto mwenyewe hatuna hata mmoja."

"Kwa hiyo?"

"Siwezi kukuthibitishia."

Mkandarasi alisugua paji la uso. "Poleni, jamani. Basi tunamtoa huyo mama, tunaanza kazi."

Boti mbili zilimsukuma Pengo kuelekea mlangoni mwa bandari. Kwenye skrini nukta ilisogea mbali, mluzi baada ya mluzi, kisha ikageuka, ikapenya katikati ya boti na kurudi.

Mpiga picha alinyoosha mkono kuzima sauti.

"Iache," dada alisema. "Akijibiwa, tusikie."