Mbegu Zilizofungiwa Sakristia

Mvua ya kwanza ilipiga Jumamosi alasiri, ikaloweka udongo mpaka jembe likazama lote. Mimi nilisimama mlangoni nikiitazama tu. Mbegu zangu zote zilikuwa kanisani, ndani ya sakristia, kile chumba cha mavazi ya Padre, na kufuli juu.

Hapa Issuna kila mwaka kabla ya kupanda tunapeleka mbegu zibarikiwe. Kila nyumba inabeba konzi moja kwenye bakuli, Padre ananyunyiza maji ya baraka, unarudi nyumbani unachanganya na zilizobaki, unapanda. Mama yangu alifanya hivyo, nami nimefanya hivyo tangu niolewe. Sasa mwaka huu Leonidas, katekista wetu, akasimama kwenye mkutano wa jumuiya akasema konzi moja ni imani ya konzi moja. Mwaka jana mtama uliungua na jua, na yeye alishaiona sababu: tulipanda mbegu nyingi ambazo hazikubarikiwa. Leteni zote, akasema. Tukapeleka zote. Hata mimi, mtu mzima, nilibeba alizeti kwenye ndoo nyeupe ya rangi yenye mfuniko, na mtama kwenye kiroba nilichofunga kwa kipande cha kitenge cha kijani, nimeuchanganya na majivu wadudu wasiutoboe.

Padre alikuwa aje Jumapili. Mvua ile ile ikakata barabara kwenye korongo, hakuja. Akatuma neno kwamba anaingia mafungo ya mapadre na atafika Jumapili inayofuata. Huko kwenye mafungo simu zinazimwa. Na udongo wetu wa kichanga haumsubiri mtu. Upepo ukivuma kutwa mbili tatu, unyevu umekwenda, na mvua ya pili inaweza kukaa huko iliko mpaka Krismasi.

Nikajipa moyo kwamba mjukuu wangu Emilian yupo. Ni mtoto wa mwanangu Mughwai, ni frateri, anasoma teolojia seminari kuu, na alikuwa likizo kwangu. Nikasema huyu atasaidia mbegu zifunguliwe.

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, akasimama mbele ya watu wote.

"Ndugu wapendwa, imani haipingani na akili," akaanza. "Mungu ndiye sababu ya kwanza. Mvua, udongo, mbegu, hizo ni sababu za pili, na Mungu anatenda kwa kuzitumia. Kuifanya baraka kuwa kama dawa ya mbegu ni ushirikina uliovaa kanzu."

Watu wakaguna. Leonidas alikuwa amevaa kanzu.

"Frateri," Leonidas akasema taratibu, "sababu ya kwanza nimeielewa. Ya pili nimeielewa. Sababu ya tatu ni nani, wewe?"

Watu wakacheka. Emilian naye akacheka, lakini kile kicheko chake cha shuleni, cha kumhurumia mtu. Leonidas akakiona. Akaingiza ufunguo kwenye mfuko wa ndani wa koti alilovaa juu ya kanzu, akasema sakristia itafunguliwa na Padre, basi.

Nilirudi nyumbani nimekasirika hata ugali ukaungua.

Jumatatu asubuhi Alute, jirani yangu, alikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa na wanawe wanapanda. Alute ni Mwislamu, hana ugomvi na mtu, ila mdomo anao.

"Mama Mughwai, nasikia mbegu zenu ziko mahabusu."

"Alute, niache."

"Dhamana je, haipo? Ningekupa zangu, lakini ndiyo hizi zinaingia ardhini. Mimi niliomba dua usiku, asubuhi nikashika jembe."

Alikuwa anasema kweli.

Nikaenda kwa Leonidas. Nikamkuta mkewe Felista anachambua mlenda, uso umemvimba kwa hasira.

"Hata zetu zimo humo humo," akaniambia. "Nimemsihi, nimenuna, nimemnyima chai. Ananiambia akifungua sasa, watu watasema frateri amemshinda. Mama, huyu hamlindi Mungu. Anajilinda mwenyewe."

Leonidas alikuwa ndani, anatusikia vizuri tu. Akakohoa, hakutoka.

Nikarudi. Emilian amekaa kwenye kigoda, anasoma. Nikachukua udongo konzi moja shambani nikamwekea juu ya kitabu.

"Bibi, kitabu hicho."

"Fumbata."

Akafumbata. Ukashikana kidogo, kisha ukapasuka.

"Jana ulikuwa unashikana kama unga wa ngano uliokandwa," nikasema. "Kesho utakuwa vumbi. Nenda kwa Leonidas ukamwombe radhi."

"Kwa kosa gani, bibi? Nilichosema ni kweli. Baraka si sharti la mbegu kuota. Hata mwalimu wetu wa—"

"Mwalimu wenu atanilisha?"

Mimi ni mtu wa kuvumilia, wajukuu wangu wote wanajua, lakini siku hiyo nilikuwa nimefika mwisho. Nikakaa chini.

"Emilian, katika yote hayo uliyosomeshwa, hakuna hata neno moja la kunitolea ndoo yangu?"

Akafikiri, akifuta kitabu kwa mkono wa shati.

"Lipo," akasema. "Padre asipokuwepo, katekista anaruhusiwa kusali sala ya kubariki mbegu. Kanisa limeweka wazi. Ila hanyunyizi na kufanya ishara kama padre, anasali na watu tu."

Nikamtazama.

"Ulikuwa unalijua hili jana?"

"Nalijua tangu mwaka jana, bibi."

"Na ukasimama kusema habari za sababu ya pili."

"Nilitaka kwanza waelewe msingi."

Nikainuka. Nilitafuta khanga yangu, nikaona ninayo mabegani. "Vaa viatu," nikamwambia.

Kwa Leonidas, Emilian alimwamkia shikamoo, akaitikiwa kwa shida. Akasimama anakwaruza ardhi kwa kiatu. Nikakohoa.

"Mzee, jana nilikucheka mbele za watu," akasema. "Nisamehe. Nimekuja kukuomba ubariki mbegu. Unaruhusiwa."

"Unanidhihaki tena?"

"Hapana. Ni utaratibu wa Kanisa. Na mimi nitapiga magoti pamoja na wengine."

Nilidhani Leonidas atatufukuza. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayeogopa.

"Miaka yote nimewapelekea watu neno," akasema. "Kubariki sijawahi kuthubutu. Na nikisali mimi, isiote?"

Nikamwona Emilian anavuta pumzi, amejaa jibu, na mle ndani ya jibu nikaiona sababu ya kwanza inakuja. Nikamkanyaga mguu.

"Isipoota," Emilian akasema, "tutakuwa tumesali na tumepanda, mzee. Sijui zaidi ya hapo."

Felista alishamletea mumewe koti. Ufunguo ulikuwa ndani.

Kengele ikagongwa, watu wakaja na majembe begani. Leonidas akasali. Mungu anisamehe, alisali mno. Alitaja mtama, uwele, alizeti na kunde, akataja wagonjwa, akamtaja Padre na mafungo yake, akamtaja na Alute, na jua linapanda, na upepo ninausikia kwenye mabati. Emilian alipiga magoti kwenye kokoto mpaka mwisho. Tulipoitikia amina, niliitikia nikiwa tayari nimeshika mkono wa ndoo.

Shamba la juu lilikuwa limeshakauka, jembe liligonga kama kwenye mlango. Hilo nimeliacha lisubiri mvua ya pili, ikipenda kuja. La chini, upande wa mbuga, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, lilikuwa bado na unyevu, nalo tulilipanda lote, mimi nikidondosha mbegu, Emilian akichimba. Leonidas alimaliza lake mapema akaja kutusaidia mstari wa pembeni.

"Frateri," nikamsikia, "hebu tuseme mbegu imeota. Imeota kwa sala au kwa unyevu?"

"Ukiuliza hivyo, mzee, tayari umezigombanisha. Tazama, sababu ya kwanza—"

"Chimbeni," nikasema.