Suti ya Mjumbe wa Kamati

Mume wangu Theodory ni mjumbe wa kamati ya vinywaji. Msidhani ana baa au duka la jumla. Ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Babati, na kamati yenyewe ni ya harusi ya binti wa bosi wake, Mzee Elineema. Kila Jumapili mchana wanaume wazima walikuwa wakikaa ukumbini nyuma ya stendi, wakibishana kama soda ziwe za chupa za kioo au za plastiki, kisha mume wangu anarudi nyumbani Nangara na uso wa mtu aliyetoka bungeni.

Kwenye kamati hizi kila mtu husimama akataja ahadi yake ya mchango mbele ya wenzake. Mwenye akili hutaja kadiri ya mfuko wake. Theodory alimsikia dereva wa bosi akitaja laki mbili, akainuka, akavuta suruali juu, akasema laki tatu. Alipigiwa makofi. Mpaka leo makofi yale nayalipa mimi.

Nayalipa kwa sababu mikopo ya vikundi hupewa wanawake, na wiki ile mume wangu alikumbuka kwamba ana mke. Alinieleza kwamba bosi akifurahi atampandisha cheo, na kwamba marejesho yote atatoa yeye. Nikasaini mkopo wa laki tano, nikaweka cherehani yangu dhamana, cherehani inayowalisha watoto wangu. Nichekeni mkitaka. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa bado namwamini, ambalo ni kosa baya zaidi. Nusu ya laki tano zile ikaingia kwenye ahadi. Nusu nyingine ikawa suti ya bluu na viatu vyenye ncha ndefu kama mdomo wa korongo.

Marejesho aliyatoa mara moja. Baada ya hapo, kila Ijumaa nikawa naenda mwenyewe kwa Mama Jenifa, mwenyekiti wa kikundi, na pesa niliyoibana mahali pasipobanika. Mkaa nilinunua kwa kopo, mafuta kwa kipimo cha kijiko. Vitambaa vya wateja nilivibeba kichwani kutoka Nangara mpaka mjini, bajaji zikinipita. Chai yangu ilikuwa haina sukari. Yake ilikuwa nayo, kwani eti asipopata sukari asubuhi kichwa kinamuuma. Na jioni, mbele ya sahani, bwana mkubwa anauliza:

"Mama Ombeni, leo tena mchicha?"

Nikamsogezea sahani, nikarudi kwenye cherehani.

Pesa ya marejesho niliificha kwenye kopo la vifungo, chini kabisa. Tangu tuoane Theodory hajawahi kushona hata kifungo cha shati, kwa hiyo nililiona lile kopo kuwa benki salama kuliko zote. Sikuifikiria suti. Alhamisi, nikiwa sokoni, mheshimiwa aliijaribu, kifungo kimoja kikang'oka pale tumboni, naye kwa mara ya kwanza maishani akaenda kutafuta kifungo.

Ijumaa mchana nikamwaga kopo lote mezani. Vifungo vilikuwepo vyote.

"Nimemalizia ahadi," akasema, bila hata haya. Akanipa kadi yenye utepe wa dhahabu. "Ningeacha lile deni la mwisho wangenipa kadi ya mtu mmoja. Sasa ona, ya watu wawili. Bwana na Bibi. Nimekufikiria na wewe."

"Na marejesho ya leo?"

"Si kikundi chenu? Mtaelewana wenyewe kwa wenyewe."

Kweli tulielewana. Kwenye kikundi chetu hakuna anayeondoka mpaka hesabu ya siku ikamilike. Ukipungukiwa wenzako wanakujazia, kisha kesho yake wanakuja kwako kubeba dhamana. Mimi mwenyewe nimeshawahi kubeba godoro la mtu, nikiangalia pembeni. Mama Jenifa alitoa noti zake akazihesabu mara mbili.

"Hii ilikuwa ya dawa za mama," akasema. "Kesho tutakuja, Mama Ombeni. Usituone wabaya."

Sikuwaona wabaya. Usiku ule nilimalizia sketi za shule za wateja, maana sikujua kesho ningezishonea nini.

Jumamosi wakaja, wanawake sita na mkokoteni. Theodory alikuwa sebuleni ameshavaa kila kitu, suti, tai, viatu vya mdomo wa korongo, manukato ya kutosha ukumbi mzima. Bajaji aliyoikodi ilikuwa nje inanguruma. Aliwaamkia wale wakubwa, shikamooni mama zangu, kwa adabu zote. Nikadhani atawaomba wasubiri mwisho wa mwezi. Nikadhani angalau ataona aibu.

Akatazama saa yake. "Cherehani ile pale dirishani," akasema. "Mpite nayo taratibu, msinichafue. Nimechelewa."

Niseme ukweli, mapenzi yaliniishia hapo hapo. Nilimwona jinsi alivyo, mtu mzima aliyenyooshwa pasi, na ndani hamna kitu.

Mama Jenifa alikuwa ameshaishika cherehani. Nikamwambia, "Mama Jenifa, ukiibeba hiyo, Ijumaa ijayo nitawalipa nini? Deni lenyewe si hilo limesimama hapo, limevaa tai?"

Wakamgeukia wote. Mama Jenifa akaja, akashika ukosi wa koti, akausugua kwa kidole gumba kama tunavyopima kitambaa dukani.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Hii itakaa kwangu mpaka pesa irudi."

"Nyie mna wazimu? Mimi ni mjumbe wa kamati!"

"Sawa, mjumbe. Vua."

Walitoka nje, wakageuka mgongo, maana ni watu wenye heshima zao. Koti likatolewa mlangoni, kisha suruali, kisha viatu, kimoja kimoja. Mjumbe akabaki chumbani na bukta ya mpira yenye tundu, tundu ambalo nilikuwa sijapata nafasi ya kuliziba.

Kadi ilikuwa mezani, na bajaji imeshalipwa. Nikavaa kitenge changu cha Krismasi, Mama Jenifa akajitanda cha kwake, tukaenda. Mlangoni walisoma Bwana na Bibi, wakatutazama, nikawaambia ni ya watu wawili na sisi ni wawili. Tukapewa viti. Tukala pilau na nyama ambayo nilikuwa nimesahau ladha yake, nami niliongeza bila kuona soni, kwa kuwa kila punje nimeilipia.

Mzee Elineema alipita kusalimia meza. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mke wa Theodory.

"Theodory?" Akafikiri kidogo. "Aaa, yule wa stoo! Mbona simwoni?"

"Amebaki nyumbani, mzee. Anatunza cherehani."

"Basi mwambie Jumatatu awahi. Kuna saruji ya kushusha, na vijana wa kubeba hawatoshi."

Nikamwambia nitamfikishia. Kisha nikafungua soda yangu. Ilikuwa ya plastiki, na haikuwa ya baridi.