Suti ya Mahafali

Baba alishonesha suti ya mahafali miaka mitatu kabla ya kufa. Mahafali yenyewe hayakuwa yake, yalikuwa ya kaka yangu Wenceslaus, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu ya fedha huko Dar es Salaam. Kitambaa cha buluu alikichagua mwenyewe dukani kwa Yusufali, akabishania bei mpaka mzee wa watu akachoka. Hakuivaa hata Krismasi. Ilikuwa inangoja siku yake.

Kila Jumapili baada ya misa alitangaza maendeleo ya mwanawe, aliyekuwa akitafiti jinsi wakulima wa tumbaku wa Sikonge wanavyobeba hasara bei ikianguka. Kwa miaka habari ya tasnifu ilikuwa ile ile: "Yuko sura ya nne." Mtaa wetu mzima wa Ipuli uliijua sura ya nne, hata wasiojua kusoma.

Asubuhi ya maziko, Wenceslaus alinivuta nyuma ya jiko. Alikuwa amekonda vibaya.

"Kabula, chuo walinifuta tangu Machi. Msimamizi wangu alistaafu, aliyekuja akataka nianze upya, muda ukaisha."

"Baba alijua?"

Akatikisa kichwa. Nilitamani kumzaba kibao, na papo hapo nikamwonea huruma, nikajichukia kwa yote mawili. Maana jana yake mama alikuwa amekataa katakata baba azikwe na ile suti. Alimvalisha shati la kanisani na suruali kuukuu. Suti ataivaa Wenceslaus kwenye mahafali ya Novemba, alisema, ili baba yake naye awe amefika.

"Kamwambie mama kabla jeneza halijafungwa," nikasema. "Au unataka baba alale na suruali kuukuu kwa ajili ya uongo wako?"

Aliahidi. Nilimwona akimsogelea mama mara kadhaa, na kila mara akaishia kumuuliza kama amekunywa uji. Kusoma kote kule, na mdomo mzito kama jiwe la kusagia!

Jeneza lilikuwa wazi uani, chini ya turubai, Maua alipotokea. Maua ni jirani yetu, Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Msibani mtani hufanya atakalo, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Alikuwa amepita chumbani, akatoka amevaa suti ya baba, suruali ameikunja, mkono kiunoni vilevile alivyosimama baba.

"Nipisheni!" akanguruma kwa sauti ya marehemu. "Nawahi mahafali! Mwanangu yuko sura ya nne! Nimekufa yuko sura ya nne, nitafufuka yuko sura ya nne!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia, Mungu anisamehe. Maua akamshika Wenceslaus kidevu.

"Haya, msomi. Mahafali lini? Baba yako nachomwa na jua."

"Hakuna mahafali," kaka akasema. "Walinifukuza."

Kicheko kikalipuka. Walidhani amejibu utani, tena amejibu kiume; mzee Lugembe akampigia makofi.

"Nasema kweli! Walinifukuza, baba hakujua!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka.

Mama hakucheka. Aliinuka mkekani, akayatazama machozi ya mwanawe, kisha akamgeukia Maua.

"Ivue, mtani."

Maua akanyoosha kiganja kudai chochote cha kuikombolea, kama ilivyo desturi. Alipouona uso wa mama akakirudisha, akavua koti, akaingia ndani na kurudi na suruali mkononi. Mama aliipokea suti, akaenda nayo kwenye jeneza. Suruali akaitandika miguuni mwa baba, koti kifuani, akalinyoosha kola taratibu.

"Vaa tu, Baba Wenceslaus," akasema. "Usingoje tena."

Nyuma yake bado walikuwa wanacheka. Walidhani naye ameingia kwenye utani.